Kila Siku Toleo Jipya

Ukiamua kuifuata boto3 hatua kwa hatua, utachoka wewe kabla yake. Hii ni maktaba ya Python inayotolewa na Amazon ili programu yako iweze kuzungumza na huduma zao za wingu, na karibu kila siku ya kazi hutoka toleo jipya. Mfululizo wa 1.34 ulianza Desemba 2023. Ulipofungwa Agosti 2024, namba ya mwisho ilikuwa imeshapita 160. Hakuna aliyepiga vigelegele kwa hata moja kati ya hizo. Hakukuwa na uzinduzi wala tisheti, ni mistari michache tu iliyoongezwa kwenye daftari la mabadiliko, kwa lugha kavu, na kesho yake mingine.

Mimi nalisoma daftari hilo. Nafanya kazi upande wa seva hapa Dar es Salaam, kwenye timu ndogo ambayo mfumo wake unahifadhi stakabadhi, picha za vitambulisho na mafaili ya hesabu kwenye wingu, na wenzangu, wengi wao wadogo kwangu, wanaiona tabia hii kuwa ni uzee. "Kaka, humo kuna nini cha kusoma? Si yale yale ya jana?" aliniuliza mmoja wao. Kwa siku nyingi jibu la haki ni ndiyo, ni yale yale. Ila nashikilia kwamba mabadiliko yanayotuumiza kwenye wingu ni nadra kuja na namba kubwa ya toleo. Yanakuja katikati ya wiki, yameandikwa wazi kabisa, na hakuna aliyefungua kuyasoma.

Kwa asiyeshughulika na mambo haya, huduma ya wingu inapokea maombi ya HTTP basi. Ukiwa na subira unaweza kuyaandika mwenyewe kwa mkono. Utapanga vichwa vya ombi, utaweka tarehe na saa, utakokotoa saini kwa utaratibu uitwao Signature Version 4, kisha utatuma. Ukikosea herufi moja unarudishwa. Saa ya kompyuta yako ikiachana na ya S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili, kwa zaidi ya dakika 15, unarudishwa pia. SDK, yaani maktaba kama boto3 inayokuandalia maombi hayo, inakuondolea shida hiyo, na mfano wake ni wakala wa forodha pale bandarini: wewe unamkabidhi mzigo na kumwambia unakokwenda, yeye ndiye anayejua fomu ipi, muhuri upi, dirisha lipi, na akiambiwa arudi baadaye anajua asubiri kiasi gani. Wakala asiyejua fomu zilizobadilika jana hana kazi.

Fomu zenyewe, kwa boto3, haziko ndani ya msimbo. Hili ndilo jambo lililonifanya niache kuogopa wingi wa matoleo. Chini ya boto3 kuna kifurushi kingine, botocore, ambacho ndicho kinachobeba mzigo, na ndicho hicho hicho kilichojengewa zana ya amri ya AWS. Ukiomba mteja wa S3, hakuna mhandisi aliyekaa akaandika vitendo vya S3 kimoja kimoja vikakusubiri. Botocore inafungua faili la JSON linaloielezea huduma hiyo, inasoma operesheni zake, majina ya vigezo na aina zake, kisha inavitengeneza vitendo hivyo papo hapo programu ikiwa inakimbia. Kuna mafaili mengine ya JSON yanayoeleza namna ya kufungua kurasa za majibu marefu, namna ya kungoja hadi kitu kiwe tayari, na anwani ya kila huduma katika kila kanda, yaani kila eneo lenye vituo vya data vya Amazon.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya matoleo ya kila siku ni data. Timu ya huduma fulani imeongeza kigezo, maelezo yao yamebadilika, maelezo mapya yanawekwa kwenye kifurushi, toleo linatoka. Katika daftari mistari hiyo hutanguliwa na alama "api-change" na jina la huduma: EC2 imepata aina mpya ya mashine, huduma ya vituo vya simu imeongezewa kichujio, nyingine imesahihisha maneno ya nyaraka zake. Kama mfumo wako unagusa S3, SQS ya foleni na DynamoDB ya hifadhidata peke yake, mistari tisa katika kumi haikuhusu. Mimi napitisha macho nikitafuta huduma zetu, kisha natafuta mistari inayoanza na alama nyingine: "enhancement", "feature", na ile ambayo watu wengi wanaipokea kwa furaha bila kuifikiria, "bugfix".

Marekebisho ya kasoro yana sifa nzuri kupita kiasi. Tunadhani kwa kuwa kitu kilikuwa kibovu na sasa ni kizima, basi hakuna wa kuumia. Lakini kurekebisha ni kubadili tabia ya programu, na tabia hiyo mbovu huenda kuna mtu alishaizoea. Chukua aina moja ya marekebisho yanayojirudia kwenye SDK za namna hii: kosa fulani la muda linaongezwa kwenye orodha ya makosa ambayo maktaba itayajaribu tena yenyewe. Ni jambo jema. Sasa fikiria programu iliyoandikwa zamani na mtu aliyechoshwa na kosa hilo hilo, akalizungushia kitanzi chake cha kujaribu mara 3. Boto3 katika hali yake ya zamani ya kujaribu, iitwayo legacy, hujaribu mara 5. Baada ya marekebisho, ombi moja linalofeli linaweza kuwa maombi 15 kwa huduma ambayo tayari imelemewa. Hakuna aliyeandika msimbo mbaya hapo, ni watu wawili wametibu ugonjwa mmoja bila kujuana.

Mhandisi wa programu Hyrum Wright alishaliweka hili vizuri, hadi likapewa jina lake: kiolesura kikishakuwa na watumiaji wa kutosha, kila tabia yake inayoonekana kutakuwa na mtu anayeitegemea, hata ile ambayo mkataba haukuiahidi. Nilikuwa nikiliona hili ni jambo la vitabuni mpaka Januari 2025.

Mwezi huo boto3 ilitoka kwenye mfululizo wa 1.35 ikaingia 1.36.0. Namba ya kati imepanda. Kwa desturi ya utoaji matoleo, maana yake kuna kipya kilichoongezwa na cha zamani hakijavunjwa. Kilichoongezwa kilikuwa na faida ya kweli. Kuanzia hapo, kila faili linalopandishwa S3 lingekokotolewa namba ya uhakiki, CRC32, hata kama hukuiomba, na faili likishushwa namba hiyo ingeangaliwa tena. Biti moja ikigeuka njiani, ijulikane pale pale, isije ikagunduliwa na mkaguzi wa hesabu mwaka unaofuata. SDK za lugha nyingine zilipewa tabia hiyo hiyo kipindi hicho hicho, ya Java kwenye 2.30.0, ya JavaScript kwenye 3.729.0.

Wengi waliokuwa wakitumia S3 ya Amazon yenyewe hawakusikia chochote. Upande wa huduma ulishaandaliwa, kwani Desemba 2024 Amazon walikuwa wametangaza kwamba uhakiki wa namna hii utakuwa ndio kawaida ya S3.

Lakini S3 ipo tangu Machi 2006, na katika miaka hiyo yote namna yake ya kuzungumza imeigwa na kila mwenye kuuza au kugawa hifadhi. Kuna MinIO unayoisimika kwenye seva yako mwenyewe, kuna Ceph inayoendeshwa kwenye vituo vya data, kuna makampuni kadhaa yanayouza hifadhi kwa bei ya chini. Maelekezo yao karibu wote yalikuwa mamoja: tumia boto3, badilisha anwani tu, mengine acha kama yalivyo. Wateja wakatii. Kwa miaka mingi, wakala wa Amazon amekuwa akipeleka mizigo kwenye maghala ya watu wengine, na hakuna mkataba wowote uliosema ataendelea kujaza fomu wanazozielewa wao.

Namba ya uhakiki, kwa faili linalotumwa huku likisomwa, haiwezi kujulikana mpaka baiti ya mwisho ipite. SDK huituma mwishoni, ikiwa mkia baada ya mwili wa ombi. Seva ambayo haijawahi kuuona mkia wa namna hiyo ikalikataa ombi zima. Kwingine tatizo lilikuwa kinyume chake, si kilichoongezwa bali kilichoondolewa. Ombi la kufuta vitu vingi kwa pamoja lilikuwa likibeba kichwa cha Content-MD5, namba ya uhakiki ya aina ya zamani. Matoleo mapya yakaweka CRC32 mahali pake, na hifadhi zilizoshikilia kwamba bila MD5 hakuna kufuta zikaanza kurudisha makosa. Mtu anapandisha toleo asubuhi kama kawaida, vipimo vyake vyote ni kijani kwa sababu vinatumia S3 ya kuigiza, kesho yake kazi ya usiku ya kufuta mafaili ya muda inagundulika haikufuta.

Dawa ya tatizo la mkia ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na iliandikwa. Unaweka AWS_REQUEST_CHECKSUM_CALCULATION kuwa when_required kwenye mazingira ya programu, na mwenzake AWS_RESPONSE_CHECKSUM_VALIDATION hivyo hivyo, na SDK inarudi kuhesabu pale tu huduma inapolazimisha. Watoa huduma wa pembeni wakawaelekeza wateja wao huko, au wakawaambia wabaki 1.35 kwa muda, huku nao wakirekebisha seva zao. Baada ya miezi kadhaa kelele zikapungua.

Nimebishana na watu juu ya nani mwenye kosa hapo. Wapo wanaosema Amazon walivunja mambo ya watu kwa makusudi. Sikubaliani nao. SDK yao ni ya huduma zao, na uhakiki wa data kwa chaguo-msingi ni bora kuliko uhakiki wa hiari, kwa sababu cha hiari hakuna anayekiwasha. Ambacho ningependa kingekuwa tofauti ni namba. Kubadili chaguo-msingi la kila ombi la kuandika, kwenye maktaba iliyo miongoni mwa zinazoshushwa zaidi duniani kwa Python, na kuliweka chini ya namba ya kati tu, ile inayoahidi kwamba cha zamani hakijavunjwa, ni kuwanyima watu ishara. Na lawama kubwa kuliko zote naiweka kwetu tunaoacha toleo wazi kwenye faili la mahitaji, tukaiachia siku ya kujenga ichague yenyewe.

Hapo kwenye mahitaji kuna hadithi nyingine, na hii inamgusa zaidi anayelipia bando. Boto3 haikubali botocore yoyote. Kila toleo linataka botocore ya mfululizo wake. Sasa kuna aiobotocore, inayowezesha kazi zisizosubiriana, nayo inaibana botocore kwenye uwanja mwembamba zaidi. Ukiziweka zote mbili bila kutaja namba, pip, kifaa cha kusimika vifurushi vya Python, inapaswa kutafuta matoleo yanayokubaliana. Tangu pip 20.3 ya mwishoni mwa 2020, kifaa hicho kinatafuta kwa uaminifu: kinachukua botocore ya leo, kinaona haifai, kinarudi ya jana, haifai, ya juzi. Kwa maktaba inayotoa toleo kila siku, safari ya kurudi nyuma ni ndefu. Na kila botocore ya miaka hii ya karibuni ina zaidi ya megabaiti 10 kwa sababu imebeba maelezo ya huduma zote za Amazon, hata zile ambazo hutazigusa maisha yako yote. Nimewahi kukaa kwenye kibanda cha kahawa Mwenge nikiangalia laptopu ikishusha botocore baada ya botocore kwa mtandao wa simu. Siku hizi hali ni afadhali, PyPI, ghala la vifurushi vya Python, inatoa maelezo ya kifurushi pembeni na pip mpya inayasoma bila kukishusha chote, ila pip ya zamani bado imejaa kwenye seva za watu.

Na si lazima SDK yenyewe ibadilike. Mwaka 2023 urllib3, maktaba ndogo ya kutuma maombi ambayo botocore inaitegemea, ilitoa toleo la 2.0 na kuondoa jina moja la ndani, DEFAULT_CIPHERS. Waliokuwa wamefunga namba zao hawakujua. Baadhi ya waliokuwa hawajafunga walifungua kompyuta wakakuta programu haiwaki hata kidogo, inalalamikia kitu ambacho hawajawahi kukiandika popote.

Kuna mistari ya daftari ambayo naisoma kwa makini kuliko nadhani anavyoisoma msomaji wa Virginia, kule Marekani jirani na vituo vya data vya Amazon. Ni ile inayohusu muda wa kungoja, kujaribu tena, na anwani za kanda. Chaguo-msingi za SDK zimetungwa na watu walio karibu na vituo vya data. Boto3 husubiri sekunde 60 kuunganishwa na sekunde 60 kusoma jibu. Kwa seva iliyo ndani ya kanda ile ile ya Amazon hizo ni namba ambazo hakuna atakayezifikia. Kwa seva iliyo ofisini kwako hapa mjini, zinafikiwa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Fanya hesabu mwenyewe: ombi lisilounganishwa husubiri sekunde 60, kisha linajaribiwa tena hadi jumla ya mara 5. Hizo ni dakika 5, achilia mbali mapumziko ya katikati, ambazo uzi mmoja wa seva umekaa kimya ukimshikilia mteja aliyebonyeza kitufe kimoja. Wateja 20 wa namna hiyo na seva ndogo imejaa. Ilhali mtandao ukiwa hivyo, ni bora kufeli ndani ya sekunde 5, ukaliweka faili kwenye foleni ya diski na kumwambia mteja stakabadhi yake itapanda baadaye. Kwa hiyo sisi tumeziandika namba hizo wenyewe kwenye usanidi: muda mfupi wa kuunganishwa, hali ya kujaribu iitwayo standard ambayo mwisho wake ni mara 3 na mapumziko yake hayazidi sekunde 20. Ukishaziandika, badiliko la chaguo-msingi halikugusi tena, na mstari wa daftari unaousoma unakuwa habari badala ya dharura.

Anwani nazo zina mambo yake. Kwa muda mrefu SDK za Amazon, kwa kanda za zamani kama ile ya Ireland, zilikuwa zikiomba vibali vya muda kutoka STS kupitia anwani ya dunia nzima ambayo nyumbani kwake ni Virginia. Yaani programu iliyoko Afrika Mashariki, data yake iko Ireland, na kibali chake kinategemea Marekani. Mwaka 2025 chaguo-msingi hilo likabadilishwa ili kila kanda ijitegemee. Aliyesoma mstari huo alijua pia kwamba lazima afungue anwani mpya kwenye ukuta wa moto wa ofisi. Ambaye hakusoma, na ukuta wake unaruhusu anwani chache zilizotajwa, aliijua kwa namna nyingine.

Kila nikizungumza haya, kuna mzee mmoja kazini anayeniambia kitu kikifanya kazi kisiguswe. Namheshimu, na kwenye mambo ya umeme yuko sahihi. Lakini SDK haikai peke yake. Upande wa pili wa waya unasonga, na chini yake Python inasonga pia. Boto3 iliacha kuhudumia Python 2.7 Julai 2021, 3.6 Mei 2022, 3.7 Desemba 2023, na 3.8 Aprili 2025. Anayekaa miaka mitatu bila kugusa hajaepuka mabadiliko haya, ameyalimbikiza. Siku akilazimika, kwa mfano kwa sababu ya tundu la usalama, atavuka namba za uhakiki, urllib3, anwani za vibali na toleo jipya la Python kwa usiku mmoja, na likitokea kosa hatajua ni la nani.

Sisi tunapandisha kila wiki. Roboti inafungua ombi la kuunganisha, mtu mmoja anasoma mistari ya wiki nzima, seva ya majaribio inapandisha na kushusha faili halisi kwenye hifadhi halisi, ikiwemo kufuta vitu vingi kwa pamoja, kisha namba kamili inaandikwa kwenye faili la kufuli. Kwenye Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha msimbo bila kutunza seva, tunabeba boto3 yetu wenyewe ndani ya kifurushi, ingawa mazingira yale huja na moja tayari, kwa sababu ile iliyomo hubadilika kwa ratiba isiyo yetu. Inakula nafasi, na kikomo cha megabaiti 250 baada ya kufunguliwa unakiona kinakaribia haraka ukiwa na maktaba za picha, lakini angalau tunajua tunachokiendesha.

Kilichobaki kwenye orodha yetu ni kazi ndogo ya JavaScript inayopunguza ukubwa wa picha. Bado inatumia SDK ya toleo la 2, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 8 Septemba 2025. Bado inatia saini, bado inatuma, na S3 bado inaipokea, ndiyo maana imekuwa ikisogezwa kila tunapopanga kazi za mwezi. Toleo la 3 limegawanywa vipande, unachukua kifurushi cha S3 peke yake na kuacha mengine, kwa hiyo hata ukubwa wake utapungua. Sehemu ngumu si kubadilisha majina ya vitendo. Ni kwamba kwenye toleo la 2 mwili wa faili lililoshushwa ulikuja ukiwa tayari kwenye kumbukumbu, na kwenye la 3 unakuja kama mkondo ambao lazima uusome mwenyewe hadi mwisho, na msimbo wetu unaoupokea umeandikwa kwenye sehemu kama nne tofauti. Tutaanza na ile ya picha za vitambulisho, kwa kuwa ndiyo yenye vipimo.